Viti 200 Havitoshi: Maswali Yenu Kuhusu Serikali ya Mseto Afrika Kusini

SWALI: Uchaguzi wa Afrika Kusini wa 2024 haukumpa yeyote zaidi ya nusu. Mbona hakukuwa na duru ya pili? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kule mwananchi hampigii rais kura. Anachagua Bunge la Taifa lenye viti 400, na wabunge ndio wanaomchagua rais. Mei 29, 2024, chama tawala ANC kilipata viti 159, Democratic Alliance (DA) 87, uMkhonto weSizwe (MK) cha rais wa zamani Jacob Zuma 58 na Economic Freedom Fighters (EFF) 39. Vilivyobaki vilikwenda kwa vyama vidogo.

Matokeo yakishatangazwa, katiba inataka Bunge likutane ndani ya siku 14. Yalitangazwa Juni 2. Juni 14 wabunge wakaketi Cape Town, Jaji Mkuu akisimamia uchaguzi wa rais. Mshindi huhitaji zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, si ya viti vyote. MK ilisusia kikao. Cyril Ramaphosa wa ANC akapata kura 283, Julius Malema wa EFF 44.

Siku 14 ni chache mno kwa vyama kupatana kuunda serikali ya mseto. Wajerumani walipiga kura Septemba 2017, serikali yao ikaapishwa Machi 2018. Afrika Kusini, ANC na DA walitia saini makubaliano ya kuunda serikali pamoja siku ileile ya kumchagua rais, kikao kikiendelea. Haraka hiyo waliilipia baadaye.

SWALI: Vyama vikishaungana, bajeti inakwamaje tena? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Makubaliano yalisema kwamba wasipoafikiana wote, uamuzi utapita kwa "maafikiano ya kutosha", yaani vyama vya serikali vyenye 60% ya viti vya Bunge vikubali. Hiyo ni viti 240. ANC na DA peke yao wana 246. Ukiitoa DA, vyama tisa vinavyobaki serikalini, ANC ikiwemo, vina 200 tu. Kwenye karatasi, basi, DA ilikuwa na uwezo wa kuzuia. Lakini karatasi ile si sheria, na bungeni zinahesabiwa kura.

Februari 19, 2025, Waziri wa Fedha Enoch Godongwana alikuwa asome bajeti ya kupandisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kutoka 15% hadi 17%. Ikaahirishwa siku hiyohiyo, kwa kuwa washirika hawakuwa wameikubali. Machi 12 akarudi na nyongeza ya nusu asilimia mwaka huo na nusu nyingine mwaka unaofuata. DA ikakataa. Aprili 2 mpango wa mapato na matumizi ulipita kwa kura 194 dhidi ya 182, DA ikipiga kura ya hapana huku mawaziri wake sita wakiwa barazani. ANC iliokolewa na ActionSA, chama cha nje ya serikali chenye viti 6. Hamisha kura sita kutoka upande mmoja kwenda mwingine, unapata 188 kwa 188.

Aprili 24 nyongeza ya VAT ikaondolewa, na bajeti ya tatu ikasomwa Mei 21. Yote hayo yangeepukika kama makubaliano yangetaja mambo mawili: kodi mpya ijadiliwe na washirika kabla bajeti haijachapwa, na mshirika anayeipinga bajeti anabaki serikalini au anatoka.

SWALI: Je, si sawa na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar? – Msomaji, Wete

JIBU: Hapana. Zanzibar mgawanyo wa madaraka umo ndani ya Katiba tangu 2010, baada ya kura ya maoni ya Julai 31, hata mshindi akivuka nusu. Afrika Kusini ya sasa katiba haimlazimishi rais kugawana. Anateua na kufuta mawaziri mwenyewe.

Iliyokaribiana na Zanzibar ni ile ya 1994: katiba ya mpito ilikipa chama chenye viti 20 haki ya wizara. National Party, chama kilichotawala enzi za ubaguzi wa rangi, ilipojitoa 1996 serikali haikutikisika, maana ANC ilikuwa na viti 252. Katika mseto wa 2024, DA ikitoka, waliobaki wana 200 na walio nje 200, na kura ya kutokuwa na imani hupita kwa 201: mbunge mmoja akihama upande inatosha.