Anza na marehemu mmoja: kwa wanaotaka kuijua Nairobi kwa miguu

"Dada, nahamia Nairobi mwezi ujao kutoka Mwanza, kikazi, mimi na mwanangu wa miaka saba. Naona picha zako za bustani na makaburi. Kila ninayemuuliza ananiambia Nairobi si mji wa kutembea. Nianzie wapi? Na huko makaburini hamwibiwi?"

Ujumbe huu ulinikuta bado nina furaha ya Jumamosi. Niliongoza kikundi kutoka Moi Avenue hadi City Park, watu wazima wenye kazi zao, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mmoja aliyekuja na viatu vya harusini. Kwa hiyo ndugu yangu wa Mwanza, jibu lako ni hili, na wengine mnaoniuliza kila mara mchukue humuhumu.

Jibu fupi: usizunguke makaburi. Chagua marehemu mmoja, uliza alifanyia kazi wapi, alifia wapi, amelala wapi, kisha tembea kutoka pale hadi pale. Bustani utazikuta njiani zenyewe. Ukienda kuangalia mawe tu utachoka kabla ya saa nne, na utarudi nyumbani ukisema kweli Nairobi haina kitu.

Jibu refu linaanzia kwenye nauli. Ofisi niliyokuwa nikifanya kazi haikuniongezea mkataba, na nikajikuta napeleka maombi ya kazi kwa mkono, jengo hadi jengo, naishi Ngara, matatu nazipanda mvua ikinyesha tu. Kati ya mahojiano ya saa tatu na ya saa nane kuna masaa ya kumaliza mahali. Mkahawani unaagiza chai moja, na baada ya nusu saa mhudumu anaanza kupangusa meza yako ambayo ni safi. Nikahamia bustani ya Jeevanjee.

Wengi hupita Jeevanjee wakifupisha njia tu. Mimi nilikaa, na kukaa ndiko kulikonifundisha. Bustani ile aliitoa A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi, mwaka 1906, kwa ajili ya watu wa mji. Ndiye huyohuyo aliyeanzisha kule Mombasa gazeti la African Standard, ambalo leo tunalisoma kama The Standard. Alisimamisha humo sanamu ya Malkia Victoria, na sanamu hiyo ikadumu hadi 2015 watu walipoiangusha. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kuigeuza bustani nzima kuwa maegesho ya magari. Ilikuwa iondoke hivihivi, kama si mjukuu wake Zarina Patel na mtetezi wa mazingira Wangari Maathai kusimama kidete. Leo saa saba mchana utamkuta mhubiri upande mmoja, raia wanaojiita Bunge la Mwananchi wakibishana siasa upande mwingine, na katikati mtu amelala na gazeti usoni. Nilikuwa mmoja wao, na sioni aibu kusema.

Mama aliposikia kwamba baada ya bustani nimeanza kwenda makaburini aliniuliza kama nimeajiriwa na mizimu. Watu wetu hawaendi makaburini bila maziko. Ninawaelewa. Lakini mimi nilifika kwa kumfuata mtu, na mtu mwenyewe ni Joseph Murumbi.

Murumbi alikuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, mwaka 1966, miezi michache tu kisha akajiuzulu. Mama yake Mmaasai, baba yake Mgoa, yaani mtu wa Goa kule India. Baada ya siasa alijitolea kukusanya vitu: sanaa, vitabu, stempu, nguo, vito vya Afrika nzima. Nenda jengo la Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue, lile zee lililokuwa benki, linalotazamana na sanamu ya Tom Mboya. Ghorofa ya chini imejaa mali yake. Mimi niliingia kwa sababu kiingilio kilikuwa kidogo na nje kulikuwa na jua kali. Nikakaa hadi wakafunga. Nikamuuliza mlinzi, huyu mzee yuko wapi sasa? Akanijibu, "City Park, karibu na rafiki yake."

Rafiki yake ni Pio Gama Pinto. Alizaliwa Nairobi 1927, akawekwa kizuizini na Waingereza kisiwani Manda, akatoka, akawa mbunge, na tarehe 24 Februari 1965 akapigwa risasi garini mwake, langoni pa nyumba yake Westlands, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Kenya huru haikuwa na miaka miwili, na yeye ndiye mwanasiasa wa kwanza kuuawa hivyo. Alizikwa kwenye makaburi ya City Park. Murumbi alipofariki 1990 alikuwa ameshasema anataka alale karibu na Pinto. Mkewe Sheila naye akazikwa pale pale ubavuni mwake mwaka 2000. Tangu 2009 eneo la kaburi lao limekuwa bustani ya sanamu, kuna mawe ya Elkana Ong'esa, kuna kazi ya Francis Nnaggenda, na juu ya miti kuna kima wanaokutazama mkononi kuona umebeba nini.

Sasa iunganishe njia hiyo: Kumbukumbu za Taifa, Jeevanjee, Museum Hill, Limuru Road, City Park. Ni saa moja na kitu kwa mwendo wa kawaida, zaidi ukisimama kununua njugu, na lazima usimame. Utakuwa umeona alichokipenda mtu, kisha ukaona mahali alipochagua kulala, na kati ya hapo umepita katikati ya mji ulioshindwa kumtunza: nyumba yake ya Muthaiga, aliyotaka iwe kituo cha utafiti wa Afrika, ilibomolewa. Siku ya kwanza nilipolijua hilo nilikuwa nimesimama mbele ya kaburi na barua ya kukataliwa kazi iko kwenye mkoba. Nilijisikia nina mwenzangu.

Nenda asubuhi. Nitalirudia hili.

Halafu yakanipata ya kampuni. Silitaji jina, na wanaojua wanajua. Waliona picha zangu, wakaniita ofisini, wakanikalisha kwenye kiti cha ngozi, wakaniuliza njia yangu yote, hatua kwa hatua. Nikawaeleza kila kitu, hadi kivuli cha kupumzikia. "Tutakupigia." Simu haikuja. Kilichokuja ni bango lao, ambalo rafiki alinitumia: ziara ya urithi ya Nairobi kwa miguu, Murumbi, Jeevanjee na kivuli changu, kwa bei ambayo ningelipia kodi ya wiki. Sijasahau. Ila kuna jambo linanichekesha mpaka leo. Niliwapa pia habari za Charles Ryall, na wakaandika kwamba aliliwa na simba wa Tsavo, wale waliokula wajenzi wa reli. Simba wa Tsavo waliuawa Desemba 1898! Ryall, afisa wa polisi, alikufa Juni 1900, kituo cha reli cha Kima, amekesha na wenzake wawili ndani ya behewa wakimvizia simba mwingine kabisa. Usingizi ukawashinda, simba akaingia, akatoka naye dirishani. Behewa lenyewe liko Makumbusho ya Reli, unaweza kulisogelea ukalishika, na kaburi lake liko kwenye makaburi ya zamani ya Nairobi South, upande wa Uhuru Highway. Hiyo nayo ni njia nzuri: anzia kwenye behewa, katiza Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7 pale kona ya Haile Selassie ulipokuwa ubalozi wa Marekani, soma ukutani majina ya waliokufa katika mlipuko wa 1998, kisha shuka kusini. Njia ya kuiba unaweza kuiiba, lakini ukiiba bila kusikiliza utaumbuka.

Ndiyo maana naandika yote hapa bure. Chukueni.

Kuna wafu wasio na kaburi, na hao ndio walionibadilisha zaidi. Simama Kenyatta Avenue mbele ya wale watu watatu wa shaba. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, ni kumbukumbu ya askari wa Kiafrika wa vita vya 1914 hadi 1918, na ya wachukuzi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Wachukuzi walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi, wakaachwa njiani kuelekea huko kwenu Tanganyika. Kambi yao ya hapa Nairobi iliacha jina tu: Kariokor, yaani Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi. Kutoka sanamu hadi soko la Kariokor ni mwendo mfupi, na sokoni utapata nyama choma. Tembea njia hiyo ukijua, halafu uniambie kama soko lilikuwa lilelile.

Kisha siku nyingine nenda makaburi ya vita ya Ngong Road. Pana karibu makaburi 2,000 ya Vita Kuu ya Pili, nyasi zimekatwa utafikiri kwa mkasi, na kuna ukuta wa majina ya wale ambao hawakupatikana wa kuzikwa. Humo wamo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, ilipopigwa na nyambizi ya Wajapani ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Soma majina kwa sauti. Utakutana na ya kwenu. Mimi nilikutana na jina la ukoo wa babu, na sijui kama ni ndugu, lakini nilikaa chini.

Uhuru Park naipita haraka kwa sababu kila mtu anayajua yake: Maathai kupinga jengo la ghorofa 60 mwaka 1989, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliogoma kula pale Freedom Corner, kona ya uhuru, 1992, katiba mpya ya 2010. Hifadhi ilifungwa 2021 kwa ukarabati, kwa hiyo uliza langoni kabla ya kupanga siku yako. Ukikuta pamefungwa, panda Arboretum. Ilianzishwa 1907 kujaribu miti ya haraka ya kuni za reli, na leo ndipo wapenzi na wanafunzi wa theolojia wanapogombania viti.

Sasa kuhusu kuibiwa. Nenda asubuhi. Simu iwe mfukoni, si mkononi. City Park usiingie msituni ndani peke yako, baki kwenye njia zenye watu, na ukiweza nenda wawili. Msalimie mlinzi kabla hujatoa simu kupiga picha, mwulize hali yake na nyumbani, maana mlinzi wa makaburi ana habari ambazo hazipo kwenye bango la kampuni yoyote. Kukiwa na maziko, ondoka. Viatu vya kufunga. Maji. Na nenda asubuhi.

Ndugu zangu, mtu hukaa mji huu miaka ishirini akiujua kwa majina ya steji. Anajua Westlands ina baa ngapi, hajui kwamba kuna barabara hapo yenye jina la Pinto wala Pinto ni nani. Halafu mtu huyohuyo anahifadhi pesa aende Ulaya apige picha makaburini huko na kuziita utamaduni. Mbona ya huko hayana mizimu na ya hapa yanayo? Tujiheshimu. Aliyelala City Park alipigwa risasi ili mimi na wewe tusijue alikuwa anasema nini, na sisi tunamsaidia muuaji kwa uvivu wa kutembea kilomita tano.

Nimekasirika kidogo, nisameheni. Narudi kwa mtoto.

Mtoto wa miaka saba City Park ataiweza vizuri, kwa ajili ya kima, ila ndizi zibaki kwenye mkoba uliofungwa zipu, kwa sababu wale hawaombi. Makumbusho ya Reli ataipenda kuliko wewe, na behewa la Ryall mwonyeshe, lakini habari ya dirisha mwambie mchana, si wakati wa kulala. Ngong Road mwache kwa jirani kwanza. Makaburi yenyewe hayana shida kwa mtoto, shida ni bodaboda wanaopita juu ya njia ya waenda kwa miguu. Ukishafika Nairobi niandikie, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaanzia mlangoni mwa Kumbukumbu za Taifa saa mbili kamili asubuhi, na hatumsubiri mtu.