Asali ya Tabora kwenda Poland: kabla hujamjibu mnunuzi

Mkuu uliyepo Urambo, umesema una tani mbili za asali stoo, umempata Mpolandi kwenye intaneti anazitaka, alafu kuna jamaa kakwambia ufungue kwanza kampuni huko huko Poland ndo mzigo upite. Mi nipo Tabora mjini, asali ninayokusanya imeshafika huko, so ngoja nikujibu kwa kirefu.

Kampuni ya Poland achana nayo. Kuifungua sio ishu, ile yao ya sp. z o.o. (kampuni ya dhima yenye kikomo, kama Ltd ya huku) mtaji wa chini ni zloti 5,000 tu, ila itakusaidia nini? Anayeingiza mzigo ni mnunuzi wako, yeye ndo ana namba ya EORI (namba ya usajili wa forodha ya EU), yeye ndo anahangaika na forodha na wakaguzi wao. Wewe baki na kampuni yako ya hapa, TIN, leseni na kibali cha kusafirisha mazao ya nyuki kutoka maliasili. Ushuru pia usikutishe, asali kwa kawaida inapigwa 17.3% kuingia EU ila ya kwetu ni sifuri maana Tanzania ipo kwenye ule mpango wa nchi maskini wa "kila kitu isipokuwa silaha" (umaskini nao kuna siku unalipa). Mzigo ukizidi euro 6,000 hakikisha umesajiliwa REX (mfumo wa EU wa wauzaji nje waliosajiliwa), ndo uweze kuandika mwenyewe kwenye invoisi kwamba asali asili yake ni Tanzania.

Swali ambalo ungeuliza kwanza ni hili: asali yako itapitia kiwanda gani? Nchi yetu inaruhusiwa kuuza asali EU, hilo sawa, lakini tangu mwishoni mwa 2024 hata sehemu ilipoandaliwa hiyo asali lazima nayo iwe kwenye orodha yao. Ndoo zako za Urambo hata ziwe tamu vipi haziwezi kutoka stoo moja kwa moja zikaenda bandarini. Tafuta kiwanda kilichomo kwenye orodha, ongea nao wakuchujie na kukupakia kwa malipo, au wauzie wao wapeleke. Mi nilipita njia ya kulipia uchujaji, faida inapungua kidogo ila cheti cha afya kinapatikana bila kuzungushwa.

Sasa tuje kwenye asali yenyewe maana hapa ndo watu wanakwama. Watakupima vitu vingi ila viwili ndo vinaua mzigo, maji na HMF (kemikali inayojitengeneza ndani ya asali ikipata joto au ikikaa sana). Maji mwisho ni 20%. Ukinunua kwa warina asali wanaokamua masega ambayo nyuki hawajayaziba hio namba utaipita tu, kwa hiyo nunua rifraktomita (kifaa kidogo cha kupima maji kwenye asali), tembea nayo porini, pima ndoo moja moja mbele ya mwenye ndoo kabla hujatoa hela. Mwanzoni wazee watanuna, baadae wenyewe wanakuita uje upime.

HMF inapanda asali ikipata joto. Kuna wanaochemsha masega ili itoke haraka, hio usiiguse. Lakini hata isipochemshwa, ukiiacha kwenye stoo ya bati na joto la Oktoba la huku kwetu inapanda yenyewe taratibu. Sheria ya EU inasema kikomo ni miligramu 40 kwa kilo, ila asali ya nchi za joto imeruhusiwa hadi 80. Watu wakisoma hio 80 wanatulia. Usitulie! Hio 80 ni kama lebo inasema asali ni ya nchi za joto tupu, sasa mfungashaji wa Poland mara nyingi anachanganya na ya Ulaya, akichanganya tu anarudi kwenye 40. Ndo maana mnunuzi wangu alitaka chini ya 40 kwenye mkataba na mi nikadai bei ipande, tukaelewana. Muulize wako mapema, anauza tupu au anachanganya?

Na wewe upo Urambo, tumbaku imekuzunguka. Watauliza mabaki ya dawa za mashambani, tena kwa ukali. Mizinga iliyo ndani kabisa msituni tenga pipa zake, ya karibu na mashamba tenga zake, usichanganye ili ujaze haraka.

Kwanini wamekuwa wakali hivi? 2023 Tume ya Ulaya ilitoa majibu ya sampuli 320 za asali kutoka nje, 147 zikashukiwa zimechanganywa sharubati ya sukari. Toka hapo hakuna anayekuamini kwa maneno, sampuli yako inaenda maabara, kuna zinazojulikana Bremen Ujerumani, majibu yakitoka ndo mnaongea. Kwa sisi wenye asali ya kweli mi naona ni neema, maana kushindana kwa bei na asali ya China hatuwezi. Afu Wapolandi asali wanaijua haswa, wana ile ya gryka (maua ya mmea wa buckwheat) nyeusi kama kahawa, kwa hiyo rangi ya asali yetu ya miombo haiwashtui. Kinachowashtua ni harufu ya moshi, waambie warinaji wapunguze.

Hesabu: huku tunanunua kwa lita, wao wananunua kwa kilo. Lita moja ni kama kilo 1.4, ndoo ya lita 20 ni kama kilo 28. Tuseme umenunua lita moja kwa shilingi 7,000, basi kilo moja imekugharimu shilingi 5,000. Wapo wanaotaja bei ya kilo kwa hesabu ya lita, wanaonekana ghali bure na mnunuzi anapotea.

Tani mbili ni pipa saba hivi, kontena la futi 20 linabeba kama tani 20. Kwahiyo ni kushea kontena au uungane na wenzako wa Sikonge na Kaliua, ila wakiungana na wewe kila pipa lipimwe, pipa moja bovu linawaangusha wote. Meli zikizunguka Afrika Kusini kukwepa Bahari ya Shamu safari inarefuka, na huo muda wote HMF inatembea, so ikiondoka Dar na 35 ujue unacheza karibu na moto.

Malipo: usikubali "nikipokea ntalipa". Dai advansi inayorudisha hela ya wafuga nyuki, iliyobaki alipe benki ndo apewe nyaraka za mzigo, kabla hajaushika. Akitaka kupima tena ikifika, andikeni kwenye mkataba maabara gani na nani analipia.

Kapime maji na HMF kwanza, uweke namba hapa, tuone bei ya kumtajia.