Maswali ya Wasomaji: Vizibo vya Meno Vyenye Zebaki, Vitolewe au Viachwe?

Barua nne nilizochagua wiki hii zinahusu amalgamu, yaani dawa ya kuziba meno yenye rangi ya fedha, ambayo wengi wetu tuliozibwa meno kabla ya mwaka 2000 tunayo mdomoni hadi leo. Nimezijibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa uzito wake haulingani.

Daktari, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Nina meno sita yaliyozibwa kwa amalgamu miaka ya 1980 na 1990, na hayajawahi kunisumbua. Mwanangu amenitumia video inayoonyesha moshi ukitoka kwenye jino la namna hiyo, naye ananisihi niyabadilishe yote mara moja. Je, nimsikilize? Na nikikubali, nitajuaje kwamba kazi hiyo inafanywa kwa usalama?

Mwalimu, salaam zako nimezipokea. Mwanao hakukosea kuwa na wasiwasi, kwa sababu karibu nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki, na sehemu iliyobaki ni mchanganyiko wa fedha, bati na shaba. Zebaki hiyo ikishashikana na madini mengine huwa ngumu, lakini haifungwi yote: mvuke kidogo sana huendelea kutoka mtu anapotafuna, anapokunywa kitu cha moto, au anaposaga meno usingizini. Mvuke huo hauonekani kwa macho. Kinachoonekana kwenye video za namna hiyo ni kivuli chake kikimulikwa kwa mwanga maalumu, na kivuli hakimwambii mtazamaji ni kiasi gani kimetoka. Watu wenye vizibo vingi huonekana kuwa na zebaki iliyozidi kidogo kwenye mkojo kuliko wasio navyo, lakini jambo la kuuliza ni kama kiasi hicho kinadhuru. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya tafiti mbili, moja ya Marekani iliyohusisha watoto 534 na nyingine ya Ureno iliyohusisha watoto 507, ambapo nusu ya watoto walizibwa kwa amalgamu na nusu kwa dawa nyingine, kisha wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Akili, kumbukumbu na utendaji wa neva havikutofautiana baina ya makundi hayo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba vizibo vyako viachwe, maadamu ni vizima. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ambayo mwaka 2020 ilishauri baadhi ya watu wasiwekewe amalgamu mpya, wakati huohuo ilisema kwamba kizibo kizima kisiondolewe bila sababu ya kitabibu, na nadhani sababu yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Zebaki haitoki kwa kasi kubwa mtu anapotafuna, bali katika zile dakika chache ambazo mashine inakata kizibo na kukipasha joto. Zaidi ya hayo, kila kizibo kinapotolewa, sehemu ya jino zima nayo huondoka, tundu likapanuka, na jino lililozibwa upya mara tatu au nne huishia kupasuka au kuhitaji kutibiwa mzizi. Nimewaona wagonjwa waliokuja na meno yasiyo na kasoro, wakataka yabadilishwe yote, na baada ya mwaka mmoja wakarudi kung'olewa mawili. Hilo huniuma, kwa sababu lingeweza kuepukwa.

Sababu za kweli za kukitoa kizibo ni hizi: kimevunjika au kimelegea, jino limeanza kuoza pembeni au chini yake, jino lenyewe lina ufa, au ngozi ya ndani ya shavu inayogusana nacho imeota mabaka meupe au mekundu yanayowasha, dalili inayoweza kuonyesha kwamba mwili wa mtu huyo haupatani na madini hayo. Mojawapo ya mambo haya yakikupata, hapo ndipo swali lako la pili linapokuwa muhimu kuliko la kwanza.

Kazi ikifanywa vizuri huanza kwa ganzi, kisha daktari hufunika mdomo kwa kipande cha mpira mwembamba kilichotobolewa tundu dogo, ili jino linalotibiwa lijitokeze peke yake na vipande visianguke kooni wala kugusa ulimi. Wenye mzio wa mpira wa kawaida wana aina yao, na ni vyema kusema mapema. Msaidizi hushika mrija mpana wa kufyonza karibu kabisa na jino tangu mashine inapowashwa hadi inapozimwa, huku maji mengi yakimiminika ili kizibo kisipate moto, kwa sababu joto ndilo linaloigeuza zebaki kuwa mvuke. Jambo ambalo mgonjwa hawezi kuliona, lakini anaweza kuliuliza, ni namna ya kukata. Daktari makini hasagi kizibo chote kikawa unga. Hukata mfereji mmoja au miwili kwa kisu kipya cha mashine, kisha hukibandua vipandevipande vikubwa. Dirisha linapaswa kuwa wazi au hewa ya chumba iwe inabadilishwa. Zipo kliniki zinazompa mgonjwa hewa safi kwa mrija wa puani, na pale penye uwezo huo ni jambo jema, kwa kuwa barakoa ya kawaida huzuia vumbi wala haizuii mvuke wa zebaki. Baada ya hapo mdomo husafishwa na kufyonzwa kabla ya mpira kuondolewa. Kama kwenye kliniki uliyokwenda unaambiwa usukutue na kutema kila baada ya dakika moja, bila mpira na bila mrija mpana, omba kwa adabu kazi isianze.

Usikubali pia kufanyiwa meno yote sita kwa siku moja. Jino moja au mawili ya upande mmoja yanatosha kwa ziara moja, ili upande wa pili ubaki wa kutafunia na daktari aweze kupima kama meno yanakutana sawasawa.

Lipo pia suala la dawa ya kuziba upya, ambalo wagonjwa wengi hulikumbuka wakiwa tayari wamelala kwenye kiti. Kompositi ina rangi ya jino na hugandishwa kwa mwanga wa buluu, tabaka baada ya tabaka, kila moja ikiwa na unene wa milimita mbili hivi. Inapendeza, na hushikamana na jino kwa gundi, hivyo hailazimu kuchimba sana. Lakini inadai ukavu kamili. Tone moja la mate likiingia, gundi haishiki, na kuoza huanza upya chini kwa chini. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kwenye meno ya nyuma kompositi hushindwa kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya amalgamu. Ndiyo maana nasisitiza ule mpira: unamkinga mgonjwa wakati wa kutoa kizibo cha zamani, na unakilinda kizibo kipya wakati wa kukiweka.

Glasi ayonoma ni laini zaidi, lakini huvumilia unyevu kidogo na hutoa floridi taratibu ndani ya jino. Kwa dawa hiyo hukamilishwa mbinu ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono pekee, bila mashine wala umeme, mbinu iliyoanzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na kukubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994. Ni sifa ambayo wengi wetu hatuijui. Tundu likiwa kubwa mno, kizibo cha kaure au kofia ya jino hudumu zaidi, ingawa gharama yake ni kubwa.

Assalaam alaikum, daktari. Ni mja mzito wa miezi mitano, nipo Mombasa. Kipande cha jino lililozibwa kwa fedha kimekatika nilipokuwa natafuna. Haliumi, ila ncha yake inanikwaruza ulimi. Naogopa zebaki itamfikia mtoto. Nikaling'oe?

Waalaikum salaam, mama. Usiling'oe, na kipande ulichokimeza, kama ulikimeza, kisikukoseshe usingizi, kwa sababu zebaki ya namna hiyo hunyonywa kidogo sana tumboni. Inayoingia mwilini kwa wingi ni ile inayovutwa puani ikiwa mvuke. Mvuke huo ukifika kwenye damu huweza kupita kwenye kondo na baadaye kuingia kwenye maziwa, na kwa sababu hiyo hatupendi kukata amalgamu kwa mja mzito wala anayenyonyesha pasipo ulazima. Jino lako haliumi, kwa hiyo mwombe daktari afunike sehemu iliyokatika na ile ncha kwa glasi ayonoma bila kukigusa kizibo kilichobaki, nawe urudi kulishughulikia kikamilifu ukishajifungua na kuachisha. Lakini likianza kuuma usiku, au shavu likivimba, usingoje, kwa sababu usaha kwenye mzizi ni hatari kwako na kwa mtoto kuliko kizibo chenyewe. Mwezi wa nne hadi wa sita wa ujauzito ndio wakati mzuri wa kutibiwa meno.

Na mtu asikuzibe kwa amalgamu mpya. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ambao umepewa jina la mji wa Japani ambako watu walilemazwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, zilikubaliana kwamba dawa hiyo isitumike kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto walio chini ya miaka 15, isipokuwa daktari akiona hakuna njia nyingine. Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2023, na Tanzania mwaka 2020. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi ukakomesha matumizi ya kawaida ya amalgamu kuanzia Januari 2025, na mwezi Novemba mwaka huohuo nchi za mkataba zilikubaliana kuikomesha duniani kote ifikapo 2034.

Nimetoa vizibo viwili huko Arusha. Sasa nauziwa unga wa kunywa siku arobaini ili kutoa zebaki iliyobaki mwilini. Ninunue?

Hapana. Kiwango cha zebaki hupanda kidogo baada ya kizibo kutolewa, kisha hushuka chenyewe, kikipungua kwa nusu kila baada ya miezi miwili hivi kupitia figo zako. Dawa za kweli za kuondoa zebaki zipo, lakini hutolewa hospitalini kwa mtu aliyethibitishwa kuwa na sumu hiyo, kwa sababu huondoa pia madini ambayo mwili unayahitaji.

Daktari, shikamoo. Mume wangu ni mchimbaji mdogo Geita, anachoma dhahabu kwa zebaki nyuma ya nyumba yetu. Mhudumu wa afya ametuambia zebaki ni sumu. Mimi nina meno mawili ya fedha. Nianze na meno yangu au na kazi yake?

Marahaba, mwanangu. Anza na kazi yake. Mchanganyiko wa dhahabu na zebaki anaoubana kwenye kitambaa nao huitwa amalgamu, lakini wake huwekwa motoni ukatoa gramu nzima nzima za zebaki kwa muda mfupi, ilhali meno yako mawili yanatoa kiasi kinachohesabiwa kwa sehemu za milioni moja za gramu moja kwa siku nzima. Mvuke huo huingia kwenye kuta, kwenye godoro na kwenye nguo za watoto, na huendelea kutoka baada ya moto kuzimwa. Uchomaji uhamishwe mbali na nyumba, na afanye ndani ya retoti, chombo kilichofungwa chenye bomba linaloupoza mvuke ukarudi kuwa zebaki ya maji inayotumika tena. Hapo hata pesa yake haipotei hewani. Nguo za kazini zisifuliwe pamoja na za watoto.

Kama mikono ya mume wako imeanza kutetemeka, anasahau mambo ya jana, anakasirika bila sababu, au fizi zake zinavimba na kutoa damu, mpeleke hospitali ya mkoa na umweleze daktari waziwazi kwamba anachoma dhahabu, ili aagize kipimo cha zebaki kwenye mkojo wa saa 24. Wewe na watoto nanyi mpimwe siku hiyohiyo.