Kumcha Mungu mpaka kwenye mdomo wa gunia

Mwaka ule nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Nilikuwa pia mnunuzi wa mahindi: ikifika Mei nazunguka vijiji vya Kongwa, nanunua shambani, napakia kwenye Fuso, nashusha Dodoma mjini. Fedha ya kwaya haikupungua hata shilingi mia mikononi mwangu. Ilikuwa na daftari lake, risiti zimebanwa kwa pini. Ungeniuliza kama namcha Mungu, ningekufungulia daftari hilo.

Daftari la mahindi nisingekuonyesha.

Kwa asiyeijua biashara hii: gunia la haki halizidi kilo 100, na sheria ya vipimo ndivyo inavyosema. Kwa hesabu za kijijini ni madebe sita. Sasa mnunuzi akifika hataki sita, anataka saba. Gunia linashindiliwa, linatikiswa, linaongezewa kipande mdomoni na kushonwa kama mtu aliyefungwa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa, na bei yake ni ya gunia moja. Mkulima akibisha, unawasha gari. Mizani hana, mahali pa kuhifadhi hana, ada ya mtoto inamsubiri. Na kwetu Ugogoni, nchi ya Wagogo, mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili ikiwa na huruma, kwa hiyo alichovuna ndicho hicho mpaka mwakani. Atakubali tu.

Kuna bibi mmoja namkumbuka kuliko wote. Nilimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kwa lafudhi ya kujipendekeza, akacheka. Kuli wangu alipoanza kushindilia kwa goti, bibi alisema taratibu, "Limeshiba hilo, mwanangu." Nikamwambia ndiyo kipimo cha soko, bibi. Hakujibu. Punje zikamwagika kwenye turubai, akapiga magoti akaziokota moja moja. Nilidhani anazipeleka kwenye ungo wake. Akazitia kwenye gunia langu. Akapokea fedha, akaniambia Mungu akubariki kwa kuja, maana wengine mwaka huu hawakufika huku.

Ningependa kusema hapo ndipo nilipoguswa. Hapana. Niliitikia "Amina" nikapanda gari.

Kilichonigusa kilikuja baadaye, na hakikuwa mahubiri. Kwaya ilikwenda Mpwapwa, binti mmoja akakusanya nauli, ikapungua shilingi 7,000. Nilimsimamisha mbele ya wenzake nikasema sana. Nilisema juu ya uaminifu katika madogo, nikataja fedha ya Mungu, nikamuuliza kama anajua Bwana anaona sirini. Akalia. Usiku nikakaa mezani kufunga hesabu, madaftari yote mawili yako mbele yangu. Msimu ule nilikuwa nimenunua magunia 240, kila moja na debe lake la ziada. Madebe 240 ya bure. Ukiyagawa kwa sita ni magunia 40. Magunia 40 niliyachukua kwa watu waliokuwa wakiniita mwanangu, na mimi nimemliza mtoto wa watu kwa elfu saba.

Mnakumbuka nabii Nathani alivyomwendea Daudi na habari ya tajiri aliyechukua mwanakondoo wa maskini. Daudi aliwaka hasira kabla hajaambiwa ni yeye. Mimi sikutumiwa hata nabii, ni daftari tu.

Na jambo la kuchekesha, kama ni la kuchekesha: fungu la kumi nilikuwa natoa. Bila kukosa. Kwa hiyo kanisani nilipeleka sehemu ya kumi ya wizi, nikabaki na tisa, nikaombewa.

Ndiyo maana mtu akiniuliza siku hizi aanzie wapi kuishi maisha ya kumcha Mungu, simwambii aanze na mfungo wala mkesha. Namwambia aanze pale fedha yake inapoingilia. Kaa na hesabu zako usiku mmoja, mlango umefungwa, jiulize kila shilingi imetoka kwa nani na mwenyewe alikuwa na hiari kiasi gani. Ukiwa mfanyabiashara angalia kipimo. Ukiwa mtumishi wa ofisi, angalia safari ulizosaini ambazo hukwenda. Ukiwa fundi, angalia mifuko ya saruji ya tajiri wako iliyoishia kwenye banda lako. Maombi yatafuata, na yatakuwa mafupi zaidi, kwa sababu yatakuwa na jambo la kusema.

Kumcha si kuogopa kama mtu anavyomwogopa trafiki, kwamba ukipita kizuizi unakanyaga mafuta. Napenda sana habari ya wale wazalisha wa Waebrania, yaani wakunga, Shifra na Pua. Farao aliwaamuru wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Farao alikuwa karibu, ana askari, na amri yake wameisikia kwa masikio yao. Mungu hawakumwona. Lakini kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza, kinasema walimcha Mungu, wasifanye kama walivyoamriwa. Halafu kuna Nehemia, liwali, ambaye waliomtangulia walikuwa wakiwalemea watu kwa kodi ya chakula na fedha. Yeye hakufanya hivyo, na sababu anayoitoa ni kumcha Mungu. Hofu hiyo humkuta mtu akiwa na nafasi ya kuchukua, na hakuna wa kumuuliza.

Baada ya usiku ule nilinunua mizani. Nilitegemea vijijini watanipigia vigelegele. Walinikimbia! Debe wanalijua tangu wazazi wao, wanaliona likijaa kwa macho. Mizani wameshaibiwa nayo na watu waliokuja na iliyochezewa. Mzee mmoja aliniambia bora mwizi wa debe, anakuibia unaona. Ikabidi kila nikifika kijijini kwanza tupimane watu. Anapanda mtu anayejua uzito wake kutoka zahanati, napanda mimi, wanacheka tumbo langu, ndipo tunaanza mahindi. Ilichukua misimu miwili.

Wanunuzi wenzangu walinuna, wakasema naharibu soko. Wawili kati yao tulikuwa tunakaa benchi moja kanisani. Mke wangu hakununa, ila aliuliza swali la msingi: tutakula nini? Sikuwa na jibu. Msimu wa kwanza faida ilishuka mno, niliuza pikipiki. Nayaandika haya kwa sababu siku hizi tunahubiriwa kwamba ukimcha Mungu, milango inafunguka na gari linakuja. Mimi langu dogo, ile pikipiki, liliondoka. Mithali 11 inaanza hivi: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Soma mstari huo hata mara kumi, hujaahidiwa pikipiki.

Ukishaanza kwenye kipimo, mengine yanajitokeza yenyewe. Kwangu lililofuata ni makuli. Nilikuwa na tabia ya kuwaambia "kesho" wanapodai. Si kwamba sina fedha, ninayo mfukoni, ila nataka iendelee kunizungukia. Walawi 19 inasema ujira wa kibarua usikae kwako usiku kucha hata asubuhi. Usiku kucha tu! Mimi wangu ulikaa wiki. Sasa nalipa Fuso likishashushwa, kabla sijanawa mikono, maana najijua: nikishanawa nitakumbuka matumizi mengine.

Ushuru wa mazao nao. Lumbesa haimwibii mkulima peke yake, inaibia halmashauri pia, kwa sababu kizuizini wanahesabu magunia na wewe umeficha la saba ndani ya sita. Na pale kizuizini ndipo "ya chai" inapotolewa. Tunasema hongo kama neno jipya la mjini, lakini lina historia hapa hapa. Misafara ya zamani iliyopita Ugogo kutoka pwani ililipa hongo kwa watemi ndipo ipewe njia na maji. Ule ulikuwa ushuru wa wazi, kila mtu anajua. Wetu sisi unapitishwa chini ya leseni ya udereva. Kwa njia hiyo hiyo ya misafara Injili ilifika Mpwapwa miaka ya 1870, wamisionari Waingereza wa CMS wakielekea Uganda. Karibu miaka 150. Hatuwezi kujitetea kwamba sisi Wakristo wa Dodoma bado wachanga.

Uongo wa simu nautaja haraka. Mtu yuko kitandani Nkuhungu, anapokea simu kwa "Bwana asifiwe," halafu anasema nimeshafika Nanenane. Anza kusema ndio naamka. Utaaibika siku tatu hivi, ya nne utawahi.

Halafu tafuta mtu mmoja wa kukuuliza maswali, na asiwe anayekuogopa. Wangu alikuwa yule binti wa nauli. Nilimwomba msamaha mbele ya kwaya ile ile niliyomuaibishia, nikataja na magunia 40. Nikajiuzulu uweka hazina, wakampa yeye. Kila Juni ananiuliza, "Kaka, mizani ipo?" Na ananiangalia usoni mpaka nijibu.

Liko la kurudisha. Zakayo alisema atarudisha mara nne. Mimi sikuwa na uwezo huo, na wauzaji wengine sikuwajua hata majina. Niliowakumbuka niliwafuata mmoja mmoja na bei ya debe alilonyang'anywa kwenye kila gunia. Kwa yule bibi nilifika mchana, anachambua mlenda. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Nikaeleza yote, nimekaa kwenye kigoda kifupi, magoti yako karibu na masikio. Hakunikatiza. Alipokea noti, akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga.

"Hii ni ya mwaka jana," akasema. "Na ya mwaka juzi?"

Nikarudi kwenye gari kuchukua daftari.