Kusimama na imani kazini bila kugeuka mgomvi

Ndugu mleta uzi, pole kwa unayopitia. Umesema wenzako ofisini wanakuita "mchungaji" kwa kejeli, na sasa mkuu wako anataka usaini karatasi inayoeleza jambo ambalo halijatokea. Umeuliza usimameje bila kuonekana unajifanya mtakatifu kuliko wote, na kama ukatae kwa mdomo au kwa barua. Yamenipata hayo, ndiyo maana najibu kwa urefu.

Kwanza tenganisha mambo hayo mawili. La kuitwa mchungaji liache lipite. Linauma, najua, lakini kinachoguswa pale ni heshima yako tu. La saini ni jingine kabisa, maana hapo unaombwa useme uongo kwa mkono wako. Wakristo wengi tunamalizia nguvu zetu kwenye utani, na siku ya saini inapofika tumeshagombana na kila mtu, hakuna wa kutusikiliza.

Soma kitabu cha Danieli sura ya 1 taratibu. Danieli alikuwa kijana Myahudi aliyechukuliwa mateka Babeli, na huko walimbadilisha jina wakamwita Belteshaza, kwa jina la mungu wao. Hakuna mahali tunaposoma kwamba aligomba. Wakampa elimu na lugha ya Wakaldayo, watu wa Babeli, akaisoma akawapita wenzake. Kilipofika chakula cha mfalme, hapo akaazimu moyoni kwamba hali, asijitie unajisi. Sasa tazama alivyokataa: aliomba ruhusa. Mkuu wa matowashi akamjibu wazi kuwa anaogopa mfalme atamkata kichwa. Danieli hakumkemea kwa woga wake, wala hakulegeza msimamo. Alimwendea msimamizi akampa njia ya kutokea: tujaribuni siku 10 kwa mboga na maji tu, kisha mtutazame nyuso zetu. Mimi hapo ndipo ninapouona ujasiri na neema vikikaa pamoja. Anayekushinikiza mara nyingi naye ana anayemwogopa.

Kwangu ilikuwa stoo, nikiwa mpokeaji wa mizigo. Mwisho wa mwezi mkuu wangu alikuja na hati ya kupokea mzigo, kalamu ameshaifungua. Idadi imejazwa, tarehe imejazwa, inasubiri saini yangu. Rafu ambayo mzigo ulitakiwa kukaa ilikuwa tupu, tena tumesimama mbele yake. "Weka tu saini, unaingia keshokutwa." Nikamwambia, "Bosi, hapa pameandikwa nimepokea, na mimi sijapokea. Hiyo siwezi. Ila naweza kukuandikia sasa hivi kwamba mzigo uko njiani, ukaambatanisha na ripoti yako." Sikumtajia Mungu mpaka aliponiuliza mwenyewe kama ni ulokole. Nikajibu ndiyo, imani yangu hainiruhusu kusaini kisicho kweli, na kwa sababu hiyohiyo sitakuibia hata msumari. Akachukua hati yake akaondoka. Ikasainiwa na mtu mwingine.

Baadaye nilihamishwa pale, na nafasi niliyoitarajia ikaenda kwa mwenzangu. Nakwambia hili kwa sababu shuhuda nyingi tunazozisikia huishia kwenye kupandishwa cheo, na mtu asipopandishwa anadhani Mungu kamtupa. Wale vijana watatu wenzake Danieli, walipotishiwa na mfalme Nebukadreza kutupwa motoni wasipoabudu sanamu yake, walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza: "Bali kama si hivyo," yaani hata asipowaokoa hawataabudu. Jifunze kulisema hilo kabla hujaingia ofisini kwa mkuu wako. Ukisubiri mpaka uingie, hofu itakuamulia.

Kukataa kulichukua dakika chache. Kilichonisumbua ni wiki zilizofuata. Wenzangu walikuja mmoja mmoja wakitaka niwasimulie jinsi mkuu alivyo mbaya, na nilikuwa na mengi ya kusema. Nikanyamaza. Asubuhi nikawa namsalimia kama kawaida, hata aliponijibu nusu. Nilimwombea kwa jina, na siku za mwanzo maombi yale yalikuwa makavu kabisa, lakini niliendelea.

Nikichoka humkumbuka Polikapo, askofu wa Smirna katika karne ya 2. Askari walipofika kumkamata, mzee yule aliagiza waandaliwe chakula na kinywaji, akawaomba muda asali. Baadaye mbele ya liwali alikataa katakata kumkana Kristo aliyemtumikia miaka 86, akauawa. Hakuona kwamba kuwalisha waliomkamata kungempunguzia msimamo.

Kuna ndugu wanapenda sana 1 Petro 3:15, "mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu," wakaishia hapo. Mstari unaendelea: "lakini kwa upole na kwa hofu." Tena unamzungumzia mtu anayeuliza. Asiyeuliza usimwage mahubiri mezani kwake, mfanyie kazi yake vizuri.

Sasa kuhusu mdomo au barua. Anza kwa mdomo, mkiwa wawili, mlango umefungwa, ili asione umemdhalilisha mbele ya watu. Mwambie unachoweza kufanya badala ya kile anachotaka. Akishikilia, andika barua fupi: tarehe, ulichoombwa, sababu ya kutosaini. Usimshutumu, na mistari ya Biblia iache nje ya barua. Baki na nakala yako. Na kabla ya yote hayo mtafute ndugu mmoja wa kuaminika kanisani umweleze, aombe nawe, kwa sababu jambo hili ni zito mno kulibeba peke yako.