Uliza Mjomba: "Madam, muendelezo lini?"

Shikamoo mjomba. Mi ni dada wa miaka 27 nipo Morogoro, naandika simulizi toka 2019. Nilianza kwa kuposti Facebook, watu wakapenda, nikafungua magrupu ya WhatsApp, sahivi ninayo matatu, moja la bure na mawili ya kulipia, mtu anatuma elfu moja kwa simu ndo namwingiza. Sio hela nyingi ila inalipa chumba na umeme na bando lenyewe. Sasa kuna riwaya nimeianza mwaka jana mwezi wa tatu, ni ya bibi yangu na maisha ya kambi za mkonge kule Kimamba, hiyo sitaki kuiuza vipande vipande nataka iwe kitabu. Mpaka leo nina sura nne. Kila nikikaa nayo simu inalia, "Madam muendelezo lini", nikijibu mmoja nimejibu ishirini, afu nikiangalia saa ni saa sita usiku. Niliwahi kufuta programu zote kwa siku tisa. Siku tisa hizo niliandika kurasa mbili tu na hela ikakata, nikarudi. Shoga yangu anasema nina uraibu wa simu. Nizime kila kitu au nifanyeje?
*Dada Muendelezo, Morogoro*

Marahaba mpwa wangu. Kwanza mwambie shoga yako apunguze. Ungekuwa na genge la nyanya unafungua alfajiri unafunga usiku, nani angekwambia una uraibu wa nyanya? Lile ni duka lako, na mwenye duka hata akilala anasikiliza mlango. Tatizo ni kwamba umeweka kitanda dukani, meza ya kuandikia dukani, na bibi yako naye umemkalisha hapohapo kwenye benchi la wateja anasubiri.

Nimeisoma barua yako mara mbili na kilichonishika ni zile siku tisa. Wengi wangesema ulikata tamaa mapema. Mi naona zimekwambia kitu ambacho hukutaka kukisikia. Simu ilikuwa kimya, hamna aliyekuuliza muendelezo, na bado zikatoka kurasa mbili. Maana yake kelele zilishaingia mkononi. Miaka yote hiyo umeandika ukiwa na watu wanakupigia makofi kila baada ya aya kumi, mkono umezoea kumalizia kila kipande na "mara mlango ukafunguliwa, alipogeuka hakuamini macho yake..." afu unaposti, afu komenti zinamiminika. Ya bibi yako haina mlango wa kufunguka kila ukurasa, na ukimaliza ukurasa hamna anayekwambia "Madam umeua". Sasa mkono unangoja makofi, hayaji, unasimama.

Nikupe yangu. Miaka ya tisini mwishoni nilikuwa na hadithi ya kila wiki kwenye gazeti moja, ile ya "itaendelea wiki ijayo". Mhariri wangu alikuwa mkali, hakubali hadithi ianze kutoka mpaka awe na sehemu nne mkononi, nilikuwa namchukia kwa hilo. Wasomaji walikuwa wanaandika kwa sanduku la posta. Nakumbuka nilimuua kijana mmoja dereva wa lori, barua za hasira zikaja lundo, mama mmoja kaandika kurasa tatu kwa wino mwekundu, lakini zinanifikia wiki ya tatu na mi nimeshamzika dereva nimeshaendelea mbele, mjane wake keshafungua mgahawa. Ningetaka kumfufua nisingeweza. Kuchelewa kule tuliona ni shida ya posta, kumbe ndo kulikuwa kunatulinda. Wewe ukimuua dereva leo saa mbili usiku, saa mbili na dakika tano una voisi kumi na saba, na kesho asubuhi dereva "kumbe alizimia tu". Usikatae, nazijua simulizi zenu.

Afu mwaka 2014 hivi nami nikajiona kijana, nikaanza hadithi ya fundi saa kwenye ukurasa wangu wa Facebook. Aya ya kwanza watu wakaipenda, ya pili wakaipenda zaidi, ya tatu jamaa mmoja akabashiri mwisho kwenye komenti, na kwa sifa zangu nikamjibu, "hapana, mwisho utakuwa hivi na hivi". Nikapongezwa sana. Basi. Toka siku ile sijaandika hata mstari wa fundi saa, nimekaa nayo mara nyingi, hamna kitu, nilishalipwa. Ndo maana nakwambia kilichokukwamisha sio muda tu. Hadithi ukishaisimulia na ukasifiwa kwa kuisimulia, tumbo linadhani limeshakula.

Kwaiyo sharti langu la kwanza, na hili silipunguzi: kuanzia leo ya bibi yako haina posti, haina stetasi, haina "wapendwa kuna kitu kizuri kinakuja", haina picha ya daftari na kikombe cha chai. Na nina wasiwasi umeshawaambia kwenye magrupu, kwa sababu ningekuwa wewe ningesema. Kama umesema sawa, ila akiuliza mtu mwambie bado, ukaishie hapo.

Duka sasa. Usifunge. Umeshafunga siku tisa ukaona kodi haikusubiri, na mtu mwenye wasiwasi wa kodi haandiki mkonge wala chochote. Chukua wiki mbili uiweke riwaya kabatini kabisa bila kujilaumu, andika simulizi za kulipia tu, mpaka uwe na sehemu nane mbele, kama yule mhariri wangu mkali. Baada ya hapo unatoa sehemu mbili kwa wiki siku maalumu, Jumatano na Jumamosi, mchana. Grupu la kulipia lifunge, ingia kwenye mipangilio uweke wanaotuma ujumbe wawe admini tu. Watapiga kelele inboksi siku mbili tatu. Wachache wataomba waondoke na mmoja atadai elfu yake, mrudishie, ni elfu moja. Namba ya biashara hamishia kwenye WhatsApp Business kama bado, ile ina ujumbe wa kujibu yenyewe ukiwa haupo, andika mwenyewe kwa maneno yako, "muendelezo ni Jumatano na Jumamosi saa saba, malipo yanahakikiwa jioni". Simu ikiwa na mtandao, wanaouliza lini wanajibiwa na huo ujumbe, sio na wewe.

Kama una mdogo wako wa kike au jirani unayemwamini mfanye admini, aingize waliolipa, umpe mia mbili kwa kila elfu. Najua hela ndogo inauma kuigawa, lakini piga hesabu hizo mia mbili zinakununulia nini. Zinakununulia asubuhi.

Na asubuhi usiwe na bando. Hapo sitaki uniambie utajizuia, mi mwenyewe sijizuii. Acha kununua la wiki na la mwezi, nunua la siku, jioni. Tafuta kitochi cha mamako kukupata akiwa na shida, ile simu kubwa ilale chumba kingine, bora nyumba nyingine. Masaa mawili kila asubuhi, siku tano kwa wiki, yanatosha, kwa kalamu na daftari kama kompyuta nayo ina mtandao. Siku za mwanzo zitakuwa mbaya, utakaa utafagia utakaa tena. Kurasa mbili kwa siku tisa, si ndio? Ukiandika hizo hizo tu bado kwa mwaka una kurasa themanini, wakati mwaka uliopita una sura nne.

Lakini kuna kitu kingine nataka kusema kuhusu hizo asubuhi, zisiwe zote za kuandika. Hujaniambia kama bibi yuko hai. Kama yuko hai, ndugu yangu, nenda Kimamba wiki hii! Kama alikuwa msichana miaka ya sitini basi alikuwepo ule wakati mkonge unaitwa dhahabu ya kijani, mwaka 1964 nchi ilitoa karibu tani 230,000 na hatukuzifikia tena, mashamba mengi yakaja kutaifishwa baada ya Azimio la Arusha. Hayo yote utayapata kwenye simu. Ambayo hutayapata ni tita moja lilifungwa majani mangapi, lilibebwaje, miiba ya ncha ya jani wanawake walijikinga na nini, singa, zile nyuzi za mkonge, zikianikwa zinanuka vipi asubuhi yenye umande. Muulize korona ilikuwa inalia vipi, namaanisha ile mashine ya kuchakata mkonge, sio ugonjwa. Muulize manamba waliishije, wale walioletwa kwa mkataba toka mikoa ya mbali wakaitwa kwa namba zao mpaka namba ikawa jina, na kama yeye alikuwa mmoja wao au aliolewa na mmoja wao. Beba daftari. Simu ukiitaka kurekodi irekodi ila bila bando. Nadhani zile siku tisa ulikwama pia kwa sababu hukuwa na vya kutosha vya kuandika, simulizi za mapenzi unazitoa kichwani lakini korona haitoki kichwani.

Mwisho kabisa, ipo sababu nyingine ya kutoiposti, hii ni ya kibiashara. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu ilianza kutolewa 2023 na inapokea miswada ya Kiswahili. Mashindano ya namna hii kila moja lina masharti yake kuhusu kazi iliyokwisha kutoka mahali pengine, soma kabla hujatuma. Na wale wa skrinshoti wanaouza simulizi za wenzao kwa mia tano unawajua kuliko mimi.

Mjomba habari za kazi. Mimi ni mchoraji wa Tingatinga, Dar. Nina Insta ya kazi zangu, wazungu wawili watatu wameninunulia kupitia hapo. Ila najikuta picha moja niliyokuwa namaliza siku mbili inachukua wiki. Niache Insta?
*Mzee wa Brashi, Dar es Salaam*

Salama kabisa. Swali langu kwako, simu unaishika saa ngapi? Nilishakaa na wachoraji pale Oysterbay, nikaona kitu. Unapaka rangi ya chini, ile rangi ya mafuta haikauki haraka, lazima usubiri ndo upitishe mstari juu yake. Hapo kwenye kusubiri ndo mkono unaenda mfukoni. Rangi inakauka baada ya muda wake, wewe bado uko TikTok unaangalia jamaa anafua zulia.

Zamani wenye kazi yenu walikuwa wanakwepa hilo kwa kuwa na picha kadhaa kwa wakati mmoja, hii inakauka unahamia ile, chui hapa, ndege pale, unaizungukia ya kwanza ikiwa tayari. Jaribu tatu. Insta usiache, ina wateja, ila piga picha kazi ikishaisha na uweke zote Ijumaa. Hizo video za "nachora laivu" ndo zinakula wiki yako, unasimamisha brashi urekebishe kamera, unarudia mstari kwa sababu haukuonekana vizuri, afu ule mstari wa kurudia ndo unabaki kwenye picha na ni mbaya. Mwenyewe Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968 akafariki 1972, miaka minne tu, na mpaka leo mnakula kwa jina lake. Sisemi angekuwa na Insta asingechora. Ila ile miaka minne aliitumia kwenye mbao.

Bei hukuniuliza, ila barua yako ilikuwa na picha ya yule twiga mwenye shingo mbili. Usimuuze chini ya unavyofikiria.

Mjomba, nikifuta akaunti ya Instagram afu nikabadili mawazo inakuwaje? Natunga mashairi, nataka nipumzike kidogo.
*Msomaji, Kahama*

Kama ni kupumzika usifute, izime kwa muda, ipo sehemu yake kwenye mipangilio, siku ukirudi unaingia na neno lako la siri unakuta kila kitu. Ukifuta kabisa unapewa siku 30 za kujirudi, ukiingia ndani ya hizo unaikuta, zikipita imeenda. WhatsApp hiyo haina huruma, ukifuta akaunti umetoka kwenye magrupu yote saa ileile. Na kabla hujabonyeza chochote omba nakala ya vitu vyako, Instagram wanakutumia, na yale mashairi uliyoyaandika moja kwa moja kwenye kapsheni yanakili kwenye daftari kwa mkono. Mimi sikufanya hivyo, na yale ya harusi ya dada yangu mpaka leo nayakumbuka beti mbili tu.