Kutoka Amsterdam hadi KIA: Saa Moja Imepotelea Wapi?

SWALI: Mhariri, mdogo wangu anaishi Uholanzi na huja nyumbani kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Amsterdam hadi KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Tiketi yake ya Julai ilionyesha kuondoka 10:15 na kufika 19:40. Ya Desemba inaonyesha kuondoka 10:15 vilevile, lakini kufika ni 20:40. Je, ndege ya Desemba huenda polepole, au hupita njia ndefu zaidi? Na dereva wa kumpokea nimwambie saa ngapi?
Msomaji, Majengo, Moshi.

JIBU: Ndege haijapunguza mwendo. Saa za kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo: ya kuondoka ni ya Amsterdam, ya kufika ni ya Tanzania. Sisi hatugusi saa zetu mwaka mzima, ilhali Waholanzi husogeza zao mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ndiyo maana Julai tunawatangulia kwa saa moja, na Desemba kwa saa mbili. Kutoka 10:15 hadi 19:40 ni saa tisa na dakika 25. Ukitoa moja zinabaki saa nane na dakika 25. Fanya hesabu hiyohiyo kwa Desemba, ukitoa mbili, na utapata jibu lilelile.

Kuhusu umbali, usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, kwa kuwa ramani bapa hupotosha umbali. Nyoosha uzi juu ya tufe la shuleni, nao utakupa takriban kilomita 6,900. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, safari ingekuwa ya saa saba na dakika 40 hivi. Muda unaozidi hapo unatokana na jinsi tiketi inavyohesabu, yaani tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho mpaka inaposimama, pamoja na kupanda na kushuka ambako mwendo huwa mdogo. Tena ule uzi hupita juu ya Sudan, na tangu vita vilipozuka huko Aprili 2023 ndege nyingi zimekuwa zikilizunguka anga hilo.

Dereva mwambie saa tatu kasoro dakika ishirini usiku, kwa maneno, wala usimwandikie tarakimu. Mimi niliwahi kumtumia dereva ujumbe wa "8:40 usiku", naye akasoma saa nane na dakika arobaini, akaenda zake kulala. Mgeni wangu alikaa juu ya sanduku lake nje ya uwanja mpaka nilipompigia dereva simu. Kutoka Moshi hadi KIA ni kama kilomita 40, na abiria bado atapanga foleni ya pasipoti na kusubiri mizigo, hivyo mkiondoka saa mbili usiku hamtachelewa.